Samia Scholarship kwa mwanafunzi wa uhandisi asiye na uwezo: inalipa nini, na inamwacha nani

Samia Scholarship ilipoanza katika mwaka wa masomo 2022/23, Serikali ya Tanzania ilitenga shilingi bilioni 3 kwa ajili ya wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, na orodha ya kwanza ilikuwa na majina 640. Ukigawanya fedha hizo kwa majina hayo, unapata wastani wa takriban shilingi milioni 4.7 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, nazo ni fedha ambazo hazirudishwi. Ufadhili huu unasimamiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, nao unawahusu wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na elimu tiba katika vyuo vikuu vya hapa nchini. Katika tathmini hii nitaupima kwa kigezo kimoja tu, yaani jinsi unavyomhudumia kijana wa uhandisi anayetoka katika kaya isiyo na kipato cha uhakika. Najua kwamba si kigezo ambacho waanzilishi wake walikitanguliza, lakini wazazi wengi wanaponiuliza kuhusu ufadhili huu, hicho ndicho wanachotaka kujua.

Nianze na kile unacholipa, kwa sababu hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kifurushi kinagusa ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Kwa mwanafunzi wa sheria au wa lugha, baadhi ya vipengele hivyo ni nyongeza tu, lakini kwa mwanafunzi wa uhandisi ndivyo vinavyoamua kama atasoma au atakaa darasani akiwatazama wenzake wakisoma. Mwaka wa kwanza una somo la uchoraji wa kihandisi, ambalo linadai ubao, rula ya T na vifaa vya kuchorea, na ingawa vifaa hivyo aghalabu hurithiwa kutoka kwa waliotangulia kwa bei ya kupatana, bado ni fedha. Kikokotoo cha kisayansi hakikopeshwi siku ya mtihani. Kuanzia mwaka wa pili kompyuta mpakato inakuwa chombo cha lazima, maana michoro hufanywa kwa programu ya AutoCAD na hesabu nzito kwa programu ya MATLAB, na maabara ya chuo hufungwa kabla kazi ya kikundi haijaisha. Mradi wa mwaka wa mwisho huhitaji sakiti, vyuma, saruji au vipimo vya maabara, ambavyo mara nyingi mwanafunzi mwenyewe ndiye anayevitafuta na kuvilipia.

Kipengele cha mafunzo kwa vitendo kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa wasomaji wasio wahandisi hukichukulia kama likizo yenye posho. Shahada ya uhandisi ina miaka minne, na katika vyuo vyetu vikubwa mwanafunzi huenda kwenye mafunzo hayo, yanayoitwa PT, mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa kawaida kwa wiki nane kila mara. Huko anatakiwa kuwa na viatu vya usalama, ovaroli na kofia ngumu, anapaswa kulala mahali fulani na kufika kazini kila asubuhi, na kampuni nyingi hazimlipi chochote. Asiye na fedha huchagua mahali pa mafunzo kwa kuangalia nyumba ya mjomba au shangazi iko wapi, hata kama kazi inayofanyika karibu na nyumba hiyo haihusiani na fani yake. Mwanafunzi wa umeme anaishia kwenye karakana ya magari ya mtaani, na wa ujenzi anahesabu mifuko ya saruji dukani, wakati mwenzake mwenye uwezo amekwenda kwenye mtambo wa kuzalisha umeme au kwenye barabara inayojengwa mkoani. Miaka mitatu baadaye tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika wasifu wao wa kazi, na mwajiri haulizi sababu yake. Kwa hiyo ufadhili unaolipia mafunzo kwa vitendo unamwezesha mwanafunzi kuchagua mahali pa kujifunza ufundi wake, na kwangu mimi hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote katika kifurushi hiki.

Posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni suala jingine. Kiwango ambacho Bodi imekuwa ikikitumia kwa wakopaji wake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa chakula cha mwanafunzi anayejibana kinatosha. Ugumu uko kwenye chumba. Nafasi za hosteli za chuo hazijawahi kuwatosha wote, na anayepanga Sinza, Ubungo au Changanyikeni hukutana na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, ilhali bumu huja kwa awamu. Anayetoka katika familia yenye uwezo hupewa kodi hiyo na wazazi, kisha hujirudishia polepole. Asiye na wa kumpa hulala kwa wenzake, wanne kwenye chumba cha watu wawili, mpaka fedha zitoke. Hili si kosa la ufadhili huu peke yake, kwa maana mikopo pia ina tatizo hilohilo, lakini mpango mpya ulikuwa na nafasi ya kulirekebisha kwa kutoa awamu ya kwanza iliyo kubwa zaidi kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na marekebisho hayo yasingegharimu hata senti moja ya ziada.

Ubora wa kifurushi unaonekana zaidi ukilinganishwa na mkopo. Mkopo wa Bodi nao umeboreshwa, na mwenye haki apewe haki yake: tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe mwaka hadi mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize. Kwa mhandisi makato hayo huja wakati mbaya, kwa sababu akihitimu bado hajawa mhandisi mtaalamu. Anatakiwa kukaa chini ya usimamizi kwa miaka kadhaa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili kwa daraja hilo, na mpango wa mafunzo wa SEAP ambao Bodi hiyo iliuanzisha mwaka 2003 huchukua miaka mitatu kwa posho ambayo haimtajirishi mtu. Kijana anayeanza safari hiyo bila deni anaweza kukubali nafasi yenye mafunzo mazuri na malipo madogo. Mwenye deni, na pengine mwenye wadogo zake wanaosubiri ada kutoka kwake, atachukua kazi yoyote inayolipa, hata ikiwa ni kuuza vifaa vya umeme kaunta, na usajili ataufikiria baadaye, ikiwa ataufikiria kabisa.

Basi kwa upande wa kile kinacholipwa, sina ugomvi mkubwa. Ugomvi wangu uko kwenye lango la kuingilia na kwenye sharti la kubaki ndani.

Lango ni alama. Anayeitwa ni yule ambaye jina lake limo katika orodha ya waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa kidato cha sita kwa tahasusi za sayansi, na kipato cha mzazi wake hakiulizwi. Kuna hoja nzuri ya kuutetea utaratibu huu. Ni rahisi kuuendesha, hauna upenyo wa kughushi umaskini, na unampa heshima kijana ambaye kwa miaka mingi amesikia kwamba wanaosifiwa nchini ni wachezaji na waimbaji. Tena si kweli kwamba alama za juu ni mali ya matajiri peke yao. Shule za serikali za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Tabora Wavulana zimekuwa zikiwapokea watoto wa wakulima na wafugaji kwa vizazi kadhaa, na mwaka huohuo wa 2022 ndipo serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake. Mtoto anayepita njia hiyo anaweza kufika kwenye mlango wa chuo kikuu bila mzazi kulipa ada hata mara moja, kisha ufadhili huu ukampokea hapohapo. Kwa mtoto huyo mpango unafanya kazi vizuri sana, na sitaki mtu asome tathmini hii akadhani ninaudharau.

Lakini tumwangalie mwenzake ambaye hakuchaguliwa shule ya vipaji. Alisoma shule ya kata, ambako mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa madarasa yote au hakuwepo kabisa, na majaribio ya maabara yaliandikwa ubaoni badala ya kufanywa. Hisabati ni somo ambalo katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alilifaulu nchi nzima. Kijana aliyetoka huko, akaingia kidato cha tano kusoma fizikia, kemia na hisabati, akapata daraja la pili, amepanda mlima mrefu kuliko aliyepata daraja la kwanza la pointi tatu kutoka shule yenye maabara tatu na walimu wa ziada wa jioni. Orodha ya alama hailioni hilo. Inampa fedha mtoto wa mfanyabiashara ambaye angelipiwa ada vyovyote vile, na inampita huyu ambaye bila fedha hatafika. Siandiki haya kwa sababu mtoto wa mfanyabiashara hastahili pongezi, bali kwa sababu pongezi na ada ni vitu viwili tofauti, na zawadi ya fedha taslimu kwa mshindi ingeweza kutolewa mara moja bila kugeuka kuwa ada, chakula na malazi kwa miaka minne.

Kuna kundi jingine ambalo kwa uhandisi lina uzito kuliko fani nyingine yoyote, nalo ni la wenye stashahada. Familia nyingi zisizo na uwezo hazimpeleki mtoto kidato cha tano. Humpeleka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au chuo kingine cha ufundi baada ya kidato cha nne, kwa sababu miaka mitatu baadaye atakuwa fundi sanifu mwenye cheti kinachoweza kumpatia kazi. Wengine hufanya kazi mwaka mmoja au miwili, wakajiunga na shahada kwa sifa linganishi, na mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye karakana anajua kwamba hawa mara nyingi ndio wanaojua kushika kifaa kabla ya kukichora. Ufadhili ulivyozinduliwa uliwatazama wahitimu wa kidato cha sita, kwa hiyo fundi sanifu mwenye matokeo bora kabisa ya stashahada alikuta mlango huu haukuwekwa kwa ajili yake. Kama mpango ungekuwa wa tiba, pengo hilo lingekuwa dogo. Kwa uhandisi ni pengo kubwa, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ambayo watoto wa kaya za chini huipitia kwa wingi.

Sasa sharti la kubaki. Mnufaika wa fani za sayansi na uhandisi anatakiwa kupata GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yake, isiyopungua 3.8 kila mwaka. Kwa asiyezoea hesabu za vyuo vyetu, alama A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2, na alama B+ huanzia asilimia 60. Maana yake mwanafunzi anatakiwa kuwa na wastani unaokaribia B+ katika masomo yote, ikiwemo mekanika, hisabati za uhandisi na uchoraji, masomo ambayo huangusha watu wengi mwaka wa kwanza. Shahada ya daraja la pili la juu huanzia 3.5, hivyo mtu anaweza kuwa mwanafunzi mzuri ambaye chuo chake kitajivunia siku ya mahafali, na bado awe amekwisha kupoteza ufadhili wake.

Sipingi kuwepo kwa sharti. Fedha ni za umma, na anayelipiwa lazima asome. Ninachokipinga ni jinsi sharti hili linavyomwangukia asiye na uwezo kwa uzito kuliko mwingine. Mwaka wa kwanza ndio mwaka ambao kijana aliyetoka kijijini anagusa kompyuta kwa muda mrefu kwa mara ya kwanza, huku akifundishwa programu na mwalimu anayedhani kila mtu alizaliwa nayo. Ndio mwaka anaobadili lugha ya kufikiri, anatafuta chumba, na anapigiwa simu na nyumbani kwamba mvua haikunyesha. Akipata 3.6 katika mazingira hayo amefanya kazi kubwa, na adhabu ya kuondolewa kwenye ufadhili inamkuta hana akiba yoyote ya kumshikilia. Mwenzake mwenye wazazi wenye uwezo akishuka hadi 3.6 anapoteza heshima kidogo na anaendelea na masomo. Sharti linalofanana kwa wote haliumi wote sawasawa. Kama ningeulizwa, ningeweka 3.5 kwa mwaka wa kwanza wa uhandisi, kisha mwaka mmoja wa uangalizi kwa anayeshuka baadaye, kabla ya kumwondoa.

Kwa haki ya mpango huu, ni lazima niseme kwamba kupima kipato nako si kazi nyepesi, na majirani wetu wameonja ugumu wake. Kenya ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu mwaka 2023, na mwaka uliofuata wanafunzi wakagawanywa katika makundi matano kulingana na uwezo wa kaya. Katika kundi la chini kabisa ufadhili usiorudishwa ulikuwa asilimia 70 ya gharama ya programu, mkopo asilimia 25, na familia ikabakiwa na asilimia 5. Katika kundi la juu familia ilitakiwa kubeba asilimia 40. Kwenye karatasi ni mpangilio wa haki kuliko orodha ya alama. Lakini malalamiko ya watoto wa wakulima kupangwa kundi la wenye uwezo yalikuwa mengi, wanafunzi wakaandamana, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa unakiuka katiba, uamuzi ambao serikali iliukatia rufani. Anayesema tupime kipato Tanzania lazima aseme kitapimwaje, hasa kwa kaya zisizo na hati ya mshahara.

Hata hivyo sisi hatuanzi na mikono mitupu. Bodi hiyohiyo, inapotoa mikopo, tayari inauliza kuhusu uyatima, ulemavu na usajili wa kaya katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Kuchukua orodha ya waliofaulu sayansi, kuipanua kidogo chini, kisha kuwapa kipaumbele walio katika kumbukumbu hizo, kungewezekana bila kuunda chombo kipya. Gharama pia haitishi. Bajeti ya mikopo ya mwaka huohuo wa 2022/23 ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 600, kwa hiyo bilioni 3 za ufadhili hazikufika hata asilimia moja yake, na kuziongeza maradufu kwa ajili ya dirisha la wahandisi wenye uhitaji kusingetikisa hazina.

Wapo wanaosema kwamba mwenye kipaji asiye na uwezo atapata wafadhili wa nje, na hutoa mfano wa Kigali, ambako Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi lililoanzishwa mwaka 2011 na ambako Mastercard Foundation huwalipia vijana wa Afrika wenye kipato cha chini wasome uhandisi. Mwaka 2022 taasisi hiyo iliahidi dola milioni 275.7 za Marekani kwa chuo hicho na mtandao wa vyuo washirika, na mpango wake kweli unauliza uwezo wa familia pamoja na ufaulu. Lakini Kigali hutoa shahada ya uzamili. Anayefika huko amekwisha kuvuka shahada ya kwanza, na wale ninaowazungumzia hapa wengi huanguka kabla ya hapo.

Kwa mwanafunzi na mzazi wanaojiandaa sasa, ushauri wangu ni wa kiutendaji. Jina likitokea kwenye orodha ya ufadhili, uchukueni bila kusita, kwa kuwa kwa uhandisi hakuna mpango wa ndani unaogusa gharama nyingi kiasi hicho bila kuacha deni. Lakini kijana asingoje orodha ndipo aanze kutafuta karatasi za mkopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa upande wa Zanzibar kihakikiwe na wakala wake wa usajili, vyeti vya vifo vya wazazi kama wapo viwe tayari, namba ya kaya ya TASAF iandikwe sahihi, na fomu ipelekwe kwa serikali ya mtaa au ya kijiji na kwa wakili kabla msongamano haujaanza. Na akishaingia chuoni kwa ufadhili huu, ajue kwamba muhula wa kwanza ndio unaompa nafasi ya kujilinda: apate msaada wa hisabati na mekanika wiki za mwanzo, kwenye vikundi vya kujisomea au kwa wahadhiri wasaidizi, badala ya kusubiri matokeo ya jaribio la kwanza. Pia asikubali kuingia kwenye biashara ndogo ya kujazia kodi inayomla jioni zote, kwa sababu fedha atakayoipata humo ni ndogo mno mbele ya atakayoipoteza akishuka chini ya 3.8.